Jumamosi tunaenda mji mkongwe, someni hapa

Habarini wapendwa, Jumamosi ndo hiyo imefika jamani naomba tukumbushane mambo mawili matatu. Tunatoka saa 1 asubuhi na hatupiti haiwei, tunapita ile barabara ya zamani maana ndo iliyounganisha hivi vimiji toka enzi za mikokoteni, haiwei inavikwepa vyote unafika hujaona kitu. Hakuna kukimbizana, kila baada ya masaa 2 tunasimama tunanyoosha miguu na madereva wanapokezana. Upepo wa tairi pimeni kabla gari halijatembea, tairi ikishapata moto kipimo kinapanda kinakudanganya.

Tukifika tunapaki nje tunaingia kwa miguu, vile vichochoro vilijengwa kabla ya magari, mkiingiza gari mtakwama na mtawasumbua wenyeji bure. Halafu tembeeni mkiangalia juu, hapo ndo utamu ulipo, chini maduka yameshawekwa vioo na mabango ila ghorofani bado kuna madirisha yale yale ya zamani, na juu ya mlango mara nyingine unakuta mwaka umechongwa kwenye jiwe. Mimi huwa naingiza mkono dirishani nipime unene wa ukuta, unazama mpaka kiwiko, ndo maana ndani kunakuwa na ubaridi hata jua likiwaka. Makaburini tupite kwa heshima, yale majina ndo historia yenyewe.

Ambaye hana usafiri aseme leo, gari langu lina siti 3.