Tela lina sola na kitanda, kadi halina: nilinunue?

Mshauri wetu, shikamoo. Na ninyi wasomaji wenzangu, mwadila, hasa mafundi sola na wenye magari, maana sehemu kubwa ya shida yangu iko mikononi mwenu.

Mimi ni mama wa miaka 38, biashara yangu dagaa. Nanunua mialoni, kule ufukweni mwa Ziwa Victoria wavuvi wanakoshusha samaki, naanika, nawauzia wanaosafirisha kwenda Shinyanga na Tabora. Nina binti mmoja, yuko bweni, kidato cha pili. Tangu niachane na baba yake napanga chumba Igoma kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita. Kwa mwaka ni 960,000, kwa chumba ninacholala siku kumi tu kwa mwezi. Wanaojua dagaa wanajua kwa nini. Dagaa anavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa taa haina kazi, kwa hiyo mitumbwi inaingia majini siku za giza, na mwezi ukiwa mkubwa watu wanapumzika na kushona nyavu. Giza likirudi mimi nahamia mwaloni, Igombe au Kayenze, kwenye banda la turubai la 2,000 kwa usiku, ili mitumbwi ikirudi alfajiri inikute pale. Kwa hiyo nalipia nyumba mbili na sina hata moja.

Mwezi wa sita binti yangu alikuja likizo akanionyesha kwenye simu watu wa Marekani wanaonunua tela za mizigo zilizotumika, yale masanduku ya bati yenye mlango nyuma. Wanapiga mbao ndani, wanaweka kitanda, sola juu ya paa, wanaishi humo bila kodi ya nyumba wala bili ya umeme. "Mama, si ungeegesha mwaloni?" Nilicheka, lakini usiku ule usingizi haukuja. Kila video ilikuwa na gari kubwa mbele ya tela, na mimi macho yangu yaliliona tela tu.

Wiki tatu baadaye natoka Misungwi, nafika Usagara, naliona tela lenyewe chini ya mwembe kwenye uwanja wa mzee mmoja anayeuza vyuma na magari mabovu. Jeupe, urefu kama hatua zangu sita. Ndani kitanda cha mbao, kabati, beseni la kunawia, friji ndogo, feni, taa nne. Juu paneli mbili. Mzee anasema lilikuwa la mradi wa afya uliokuwa ukizunguka vijijini, mradi ukaisha, yeye akalichukua mnadani. Bei milioni 6.5. Tukavutana mpaka 5.8.

Niliingia, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Kelele za barabarani zikapungua. Mshauri, sijawahi kuwa na mlango ambao ufunguo wake hana mtu mwingine. Nilijikuta natoa kianzio cha 300,000 palepale, na pesa yenyewe ilikuwa ya wateja wawili walioniagiza dagaa. (Wameshapata mzigo wao, msinihukumu kwa hilo.) Kaka zangu hawajui mpaka leo.

Siku ya nne ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya kwanza: nikarudi na mtoto wa dada yangu, fundi simu pale Igoma, mwenye mita yake.

Saa 6 mchana kila kitu kiliwaka. Taa, feni, friji inanguruma. Mzee akasema, "Unaona mama, TANESCO wa nini?" Kijana hakujibu, akapanda juu ya paa. Kila paneli ina kibandiko nyuma: wati 250. Akapima volti, zote mbili zikasoma 36, mzee akapiga makofi. Kijana akahamisha waya wa mita, akapima ampea. Ya kwanza karibu 8. Ya pili 3. Mzee akasema hilo ni vumbi tu. Tukaiosha kwa sabuni ya unga na ndoo nzima ya maji, nikaikausha kwa kanga yangu mwenyewe. Ikabaki 3. Ukiinama ukaitazama kwa pembeni unaona ndani ya kioo nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja. Kijana anahisi kuna mtu aliwahi kuikanyaga. "Mama mdogo," akaninong'oneza, "volti zinakufurahisha, ampea ndiyo kazi."

Kisha akanionyesha kontrola, kiboksi cha bluu ukutani. Ni ya aina ya PWM. Kama nilimwelewa vizuri (mafundi mnisahihishe), kontrola hiyo haibadilishi volti, inaiunganisha tu paneli na betri. Paneli ambayo ingefanya kazi kwenye volti 30 inaburutwa chini hadi volti 13 za betri, na zile zinazobaki zinapotea bure. Ampea 8 na 3 ni 11, mara volti 13, zinakuja wati 143. Hizo 500 za kwenye vibandiko sizipati hata jua likiwa utosini. Jua la Mwanza linahesabiwa kama saa 5 za nguvu kamili kwa siku, kwa hiyo naambulia kama wati-saa 700. Friji peke yake, wati 80 ikifanya kazi nusu ya siku, inataka zaidi ya 900. Na mimi nilishapiga hesabu ya kuuza soda baridi na kuchaji simu za wavuvi kwa 500 kila moja! Kijana anasema tukiweka kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, na paneli moja nzima, mambo yatakuwa mengine kabisa. Hapo moyo ukainuka tena, nikajishangaa.

Tukaaga. Tulipofika barabarani kijana akasema turudi jua likizama, maana mchana friji inakula jua moja kwa moja na betri hazijasema neno. Nikasingizia nimesahau mtandio. Saa 1 usiku tuko ndani ya tela. Betri mbili za maji, kila moja imeandikwa Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani), zimechajiwa mchana kutwa. Mita ikasoma 12.6, nikamshukuru Mungu. Tukawasha friji na taa mbili. Dakika 40 hazikutimia, inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, ikaanza kulia pii, pii, pii, taa zikawa rangi ya chai ya rangi, mita ikashuka hadi 10.9, kisha giza. Kijana alipiga hesabu kwa tochi ya simu: katika Ah 200 za maandishi tumepata kama 6. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Baada ya muda akasema, "Betri ni kama tairi, mwanangu, zinabadilishwa."

Nazo tairi zenyewe zina tarakimu 1214 ubavuni, yaani wiki ya 12 ya mwaka 2014, na mpira umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Pembeni ya mlango nilikanyaga sakafu kwa kisigino, ikadidimia. Maji yanaingilia kwenye matundu ya skrubu za paneli na kuteremka ndani ya ukuta mpaka kwenye mbao za chini. Chesisi ina kutu ya juujuu tu, hiyo kijana aliigonga kwa nyundo kila mahali akaridhika.

Kuna jambo jingine ambalo mzee hakulitaja na mimi nisingelijua. Zile betri zimewekwa kwenye sanduku chini ya kitanda, bila tundu la kutolea hewa nje. Betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, na hewa hiyo ikijaa mahali pamoja inalipuka kwa cheche ndogo tu. Sasa nifikirie mimi: mlango umefungwa, dawa ya mbu ya kuchoma inawaka pembeni, nimelala juu ya betri mbili. Joto la humo saa 8 mchana sitalieleza, ni kama tanuri la kukaushia samaki, na wanasema joto hilohilo ndilo linalomaliza betri mapema. Ukifungua madirisha usiku taa ikiwa inawaka, vile vijidudu vya ziwani vinavyopaa kama moshi vitaingia vyote viishie kwenye sufuria.

Hayo ya umeme na mbao yana dawa, mradi uwe na pesa. Kadi ndiyo inayoniumiza kichwa.

Mzee ana risiti ya mnada na kivuli cha kadi ya usajili. Kadi halisi anasema "iko ofisini Dar". Jina lililoandikwa ni la mradi, na mradi haupo. Namba iliyo nyuma ya tela inaanza na DFP. Jirani yangu mmoja aliyefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini miaka mingi alipoisikia hiyo DFP aliweka kikombe chini. Anasema hizo ni namba za miradi ya wafadhili, vitu vyao viliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na kikiuzwa kwa mtu binafsi asiye na msamaha, kodi ile inadaiwa. "Uliza imeshalipwa au inakusubiri wewe." Nilimuuliza mzee. Alinijibu, "Utabadilisha tu TRA, una TIN si ndiyo?" TIN ninayo, lakini hilo silo nililouliza.

Nimeanza kujidanganya kwamba tela likishakaa mahali pamoja nani ataomba kadi. Lakini litafikaje bila kupita barabarani? Mwenye Noah niliyemuuliza alicheka mpaka akashika mlango. Itabidi nikodi gari lenye ndoano na nguvu, na dereva makini hatakubali kuvuta kitu kisicho na kadi wala bima.

Na hata likifika, liegeshwe wapi? Ufukweni mwenyekiti wetu wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi, amenikatalia kwa upole. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Nikamwambia lina magurudumu. Akasema, "Yana gari?" Halafu akanikumbusha 2020 na 2024, ziwa lilipojaa na maji kufika kwenye vichanja vyetu vya kuanikia. Hakuongeza neno.

Baba alituachia eneo Kayenze, juu kidogo, mbali na maji. Nikamfuata kaka mkubwa.

"Dada, tulishasema wewe hujengi pale."

"Sijengi, kaka. Naegesha."

"Ukiegesha miaka mitatu litaota msingi."

Kusema kweli hakukosea. Moyoni ndivyo nilivyopanga: tela halina msingi, halina bati la kuhesabiwa, hakuna kikao cha ukoo kitakachoitishwa kwa ajili ya kitu chenye magurudumu. Nilitaka niingie kwenye eneo la baba yangu bila kuomba ruhusa. Mnisemee kama ni kosa. Mimi naona nina haki pale kama yeye, ila sina nguvu ya kesi.

Mjomba wangu, anayenipenda, anasema niachane na "bati la wazungu", nijenge chumba kimoja kwingine kwa milioni zilezile na nivute umeme. Eneo ninaloweza kumudu linahesabiwa mjini, kwa hiyo ile bei ya 27,000 ya kuunganishiwa ya vijijini hainihusu, na nguzo iko mbali. Tena chumba hakihami, mimi nahama na giza la mwezi. Kijana wangu ana wazo la tatu: ninunue paneli mbili nzima, kontrola ya MPPT na betri moja ya lithiamu ya Ah 100, ambayo anasema unaitumia karibu yote na hivyo inalingana na zile mbili za maji ukizitumia nusu inavyotakiwa, nivifunge kwenye sanduku la mbao, nihame navyo kwa bajaji kila mwalo. Ni wazo zuri. Halina mlango.

Akiba yangu kikoba ni milioni 3.9. Nyingine ningekopa hukohuko, na ada ya binti ni Januari.

Naomba mnisaidie haya. Anayejua mambo ya TRA: kitu cha DFP kilichouzwa mnadani, mnunuzi wa pili naanzia wapi, na ni karatasi gani nimdai mzee kabla sijatoa shilingi nyingine? Mafundi: betri nimeshazizika, ila paneli ile moja, friji na chesisi mnavipa thamani gani? Na wewe mshauri, unayejua mambo ya familia kuliko mimi: nimwambie kaka kuhusu zile 300,000 kabla hajasikia kwa watu, au niache mpaka nijue kama zimepotea?

Mzee anataka milioni moja Jumamosi ijayo, eti kuna mteja wa Geita. Giza linarudi wiki hiyohiyo na mimi nitakuwa Igombe, bandani. Nafikiria nimpigie nimwambie abaki na betri zake na friji yake, aitafute kadi halisi na uthibitisho wa kodi, nami nitampa milioni 3 kwa bodi tupu, zile laki tatu zikiwa ndani yake. Je, kwa bei hiyo nitakuwa namtukana mzee wa watu, au ndiyo bei yake?

Mama Dagaa,
Igoma, Mwanza