Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na foleni ya Mandela Road

Wanachama wenzangu wa daladala, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na wale wa mambo vipi pia nawasalimia.

Ya ada na mfuko wa rambirambi nayaacha kwa mweka hazina, atayaeleza zamu yake ikifika, wenye madeni mnajijua. Mwaka huu kamati muda wake mwingi umeishia Mandela Road hapa Dar, hasa kipande cha Buguruni mpaka Tabata ambacho kinatumalizia mafuta na kinafanya dereva ashindwe kufikisha hesabu ya bosi, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari.

Mkutano uliopita wengi mlitaka tuandike barua tuombe barabara ipanuliwe. Kamati ikasema ngoja kwanza tujue inabana wapi, ndo tukaweka vijana pembeni asubuhi na jioni wakawa wanahesabu gari na kuangalia mkia wa foleni unaanzia wapi. Walichokikuta ni kwamba ukishatoka kwenye makutano gari zinatembea vizuri tu. Zinakwama kwenye taa na kwenye vituo, basi.

Hesabu yake iko hivi, na naomba msikilize maana hapa ndo penye ishu yote. Leni moja ikiachiwa wazi bila kusimamishwa inapitisha gari ndogo kama 1,800 kwa saa. Sasa weka taa, tuseme mzunguko mzima ni sekunde 120 na upande wako unapata kijani sekunde 40, umebaki na theluthi, yaani gari 600 kwa leni, na Mandela ina leni mbili kila upande kwa hiyo 1,200. Halafu ingiza semi za kontena zinazotoka bandarini, semi moja wataalamu wanaihesabu kama gari ndogo mbili na nusu hadi tatu, maana ni ndefu na inaondoka kwa kujivuta. Halafu daladala isimame kushusha leni ya kushoto mita chache kabla ya taa, konda anagombania chenji, leni nzima imekufa. Umerudi 600 na hapo sijawagusa bajaji wanaotanua.

Kwa hiyo hata mkiongezewa leni ya tatu, kama makutano ni yaleyale mtaenda kupanga foleni pana zaidi. Flyover ya Mfugale pale Tazara ilifunguliwa 2018, Ubungo ikaja ile ya Kijazi 2021, zote ziko kwenye barabara yetu hiihii na zimesaidia sana pale zilipo, nani asiyekumbuka Ubungo ya zamani. Ila kwa maoni yangu gari sasa zinafika Buguruni kwa mkupuo, na Buguruni bado ni taa.

Kuna lawama kwa trafiki kuita magari kwa mkono. Nitasema ukweli hata kama hamtapenda, kuna muda anasaidia, kwa sababu kila taa ikibadilika kuna sekunde kadhaa zinapotea bila gari kuvuka, na yeye akiita upande mmoja kwa muda kidogo zaidi hizo sekunde zinapungua. Shida ni akishikilia upande mmoja muda mrefu mno, mwishoni gari zinapita moja moja zimeachana, huku upande mwingine mkia umerudi mpaka umeziba makutano ya nyuma, na hapo hata mwenye kijani haendi popote.

Wanaosema daladala ndo chanzo cha foleni na ziondolewe, hapana. Coaster iliyojaa inabeba watu ambao wangekuja na gari ndogo ishirini, maana nyingi ya hizo gari ndogo ndani kuna mtu mmoja na AC yake. Lakini tusijisahau, Morogoro Road mwendokasi ilipoanza 2016 daladala ziliondolewa njia ile, na Mandela nayo imo kwenye mipango ya DART, wakala wa mabasi hayo ya mwendokasi. Tukiendelea kusimama hovyo tunawapa wakubwa sababu ya bure ya kutuondoa.

Barua tumeshapeleka, tumeomba vituo visogezwe mbele ya taa baada ya kuvuka, viwe na sehemu ya kuingia pembeni, na sekunde za taa zipangwe kufuata gari zilizopo asubuhi na jioni. Majibu bado, tunafuatilia.

La upande wetu linahitaji kura leo: gari ya mwanachama ikishusha kabla ya taa ilipe faini kwenye mfuko, na anayelipa awe dereva na mwenye gari nusu kwa nusu, maana anayemkimbiza dereva na hesabu tunamjua. Wenye pingamizi mjiandikishe kwa katibu kabla ya chai.