Uvungu ukiwa mtupu

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari ya kukosa kazi baada ya usaili wa tano iliniuma, lakini kilichonikosesha usingizi ni yale maneno machache uliyoyaandika pembeni: kwamba siku hizi hata saa huvai, kwani ya nini.

Kuna kijiji cha Austria kiitwacho Marienthal ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti, Marie Jahoda akiwa mmoja wao, walikwenda kuyaangalia maisha ya pale. Wakapima hata mwendo wa wapita njia. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama bila sababu, na wengi walikuwa wameshaacha kuvaa saa. Muda walikuwa nao tele, lakini hata vitabu vya maktaba hawakuviazima kama zamani. Hao ni watu walewale waliokuwa wakiamka mapema na kushinda kiwandani. Uvivu haukuwaingia usiku mmoja, na wewe haujakuingia.

Najua nyumbani wanakuambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wavumilie, wanakupenda. Ila uvungu ukiwa mtupu, utainama mpaka kiuno kikuume na hutatoka na kitu. Chukua nafasi 100 na waombaji 120. Wote wapewe mafunzo, wote waandike wasifu safi, wote wadamke alfajiri: bado 20 watabaki nje. Mafunzo yanafaa sana pale waajiri wanapotafuta mafundi wakawakosa. Yakiletwa peke yake yanabadilisha tu sura za watakaobaki, hesabu inabaki ileile. Hili linanikera kila ninaposikia mpango wa ajira ambao ndani yake mna semina tu.

Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alilieleza jambo hili mwaka 1936. Watu wakibana matumizi kwa hofu, biashara haziuzi. Zisipouza zinapunguza wafanyakazi, nao wanabana zaidi. Hakuna mwajiri mmoja anayeweza kuukata mzunguko huo, maana akiajiri peke yake atafilisika. Lazima serikali itumie fedha wakati wengine wote wamefunga mifuko. Inaweza pia kuzuia watu wasiachishwe kazi tangu mwanzo. Mwaka 2009 uchumi wa Ujerumani ulishuka kwa zaidi ya asilimia 5, lakini ukosefu wa ajira uliongezeka kidogo tu, kwa sababu kampuni zilipunguza saa za kazi badala ya watu, na serikali ikafidia sehemu ya mshahara uliopungua.

Uliniuliza kama kweli naamini kila mtu anaweza kupata kazi. Naamini, ingawa ajira kamili haina maana kwamba wasio na kazi ni sifuri. Mchumi mwingine Mwingereza, William Beveridge, mwaka 1944 aliwakadiria wasio na kazi kuwa asilimia 3 hata hapo, kwa kuwa daima kuna anayehama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Anayehama si sawa na aliyekwama. Kwa aliyekwama mimi napenda njia ya moja kwa moja: serikali imwajiri. India ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyozipa kaya za vijijini haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka, na mtu akiomba asipopewa ndani ya siku 15, alistahili posho. Dosari zilikuwapo, na kubwa kwangu ni mishahara kuchelewa, maana kibarua hali ahadi. Wanaohofia kwamba fedha hizo za serikali zitaleta mfumuko wa bei nao wana hoja wakati viwanda na mafundi wote tayari wana kazi. Lakini wewe huna kazi. Ni mshahara gani wa kwako utakaopandisha bei?

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2020 palepale Marienthal ulianza mpango wa majaribio: kila aliyekosa kazi kwa mwaka mmoja au zaidi alihakikishiwa kazi yenye mshahara halali, akitaka. Hakulazimishwa. Kwanza alipewa maandalizi, akaulizwa anaweza nini na anapenda nini. Wengine wakashika useremala, wengine wakatunza bustani, wengine wakakarabati majengo.

Nami nakuuliza hivyohivyo. Tuseme kesho kuna ofisi inayolazimika kukupa kazi, na pana jambo mtaani kwako linalohitaji mikono na hakuna anayelipwa kulifanya. Ungeomba lipi? Niandikie kwa kirefu, usiandike pembeni. Na ule wasifu wako nitumie pamoja na barua. Nitaupitia usiku huohuo nitakaoupata.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye daima.