Chokaa ya York

York, Januari

Sahibu yangu Makame,

Assalaam alaykum. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi. Bi mkubwa anaendeleaje na goti lake? Na chumba cha uani, vuli hii kimevuja tena? Ungeniona ninavyoandika ungecheka: makoti mawili, soksi za sufu, nami nimo ndani na mlango nimeufunga.

Baridi hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya matofali ya karne ya 18, mtaa wa Bootham, hatua chache nje ya lango la ukuta wa mji. Dirisha lake ni la mbao, la kupandisha na kushusha kwa kamba, na kioo ni kimoja tu, chembamba, ukikitazama kwa upande kina mawimbi. Asubuhi nakuta barafu imeshika kioo kwa ndani. Nikamwomba mama mwenye nyumba atie dirisha la plastiki, la vioo viwili, kama ya nyumba mpya. Akaniambia, "Nikilibandua hili bila kibali napelekwa mahakamani." Nikajua ananikwepa tu, hataki kutoa pesa. Kumbe ni kweli.

Nyumba yake imo kwenye orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa. England nzima orodha hiyo ina zaidi ya majengo 370,000, yamepangwa kwa madaraja matatu: daraja la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili la kawaida. Hili la mwisho ndilo letu, na ndimo yalimo zaidi ya 90 katika kila 100. Usidhani wanalinda sura ya mbele peke yake. Ngazi za ndani zimo, milango imo, hata ukuta wa bustani umo kama ulikuwapo kabla ya Julai 1948. Mwenye mali anaweza kuuza nyumba yake kesho, lakini dirisha lake haligusi mpaka halmashauri ya mji iseme ndiyo, na akikaidi ni kosa la jinai. Mwanzo niliona dhuluma. Nyumba ya mtu, na dirisha la mtu!

Jumapili nikiwa sina zamu natembea mjini. Ungeipenda njia moja inaitwa Shambles, maana ni kama vichochoro vyetu hasa. Nyumba za mbao za mwaloni, kila ghorofa imetokeza mbele kuliko ile ya chini yake, hadi juu mapaa yanakaribia kubusiana. Ilikuwa njia ya wachinjaji, imetajwa tangu 1086, na kule kubanana kulisaidia nyama isipigwe na jua. Kulabu za kutundikia bado zipo, na vibao vipana chini ya madirisha walipokuwa wakiipanga nyama. Mchinjaji hakubaki hata mmoja. Sasa wanauza peremende na fimbo za uchawi za watoto, na watalii wamejaa huna pa kuweka mguu. Hilo nalo unalijua.

Mimi napenda zaidi pale Goodramgate, ambapo watu wanapita bila kutazama. Kuna safu ya vijumba vyeupe vilivyopinda, vimejengwa 1316 kwenye uwanja wa kanisa ili kodi yake ilipie ibada. Miaka mia saba, na chini bado ni maduka! Halafu kuna Barley Hall, nyumba ya mnamo 1360 iliyokuwa imefichika ndani ya maofisi na mabohari mpaka ikakaribia kubomolewa miaka ya 1980. Waliivua yote yaliyoongezwa baadaye, wakaijenga ifanane na ilivyokuwa 1483. Watu wanaisifu. Mimi nilitoka na wasiwasi, maana sehemu kubwa ni mpya, na zile karne zilizopita katikati nani kasema hazikuwa na haki yake?

Wala usifikiri watu hawa walizaliwa wanajali. Mnamo 1800 wakubwa wa mji huu walitaka kuubomoa ukuta wote, wakaona unawabana. Malango manne makuu yalikuwa na ngome ndogo kwa mbele, zikavunjwa tatu, imebaki ya Walmgate peke yake. Ukuta uliponea kwa kelele za watu, miongoni mwao mchoraji William Etty, mtoto wa hapa hapa. Nilipokuwa nikisoma habari hiyo nilikumbuka siku ile ya Krismasi ya 2020, uliponipigia simu Beit al-Ajaib, lile jumba letu la Unguja, limeporomoka na vumbi halijatua, ukashindwa kusema neno.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, nimelizunguka mno.

Mwezi wa kumi walisimamisha jukwaa nje ya dirisha langu. Fundi akawa anakwangua katikati ya matofali, taratibu, kwa patasi ndogo. Nikamfungulia dirisha nikamuuliza anatoa nini. Saruji, akasema. Kuna mtu zamani alijaza mianya ya ukuta huu kwa saruji, akafikiri anauimarisha. Maji ya mvua yakiingia hayana pa kutokea, yanatokea kwenye tofali lenyewe, na baridi ikija yanaganda na kutanuka, uso wa tofali unabambuka kama ganda la yai. Akanionyesha. Kisha akachovya mwiko kwenye ndoo akanipa ninuse. Makame, ilikuwa chokaa. Chokaa tupu na mchanga.

Nilifunga dirisha nikakaa kitandani. Unaijua sababu. Marehemu mzee wako alisimama barazani kwa bibi yangu akatuambia ukuta wa mawe na chokaa usivishwe saruji, unataka kupumua. Mimi nikamjibu mbele za watu kwamba mambo ya chokaa yamepitwa na wakati. Miaka minne haikupita lipu ikaanza kumomonyoka kwa chumvi, na vichwa vya boriti vikaoza ndani ya ukuta. Mzee hakunikumbusha hata siku moja. Wewe pia hukunikumbusha, na hilo ndilo linaloniuma.

Nisamehe, na ukienda kumzuru mzee kaburini nisomee Fatiha.

Nimempa Rehema fedha akuletee. Kwangua saruji yote kwa bibi, tia chokaa iliyokaa shimoni kama alivyokuwa akifanya mzee, wala usiharakishe. Yule fundi wa hapa nilimsimulia, akataka kujua nyinyi mnaiacha majini muda gani kabla ya kuitumia. Nilishindwa kumjibu. Niandikie, na uandike vizuri, mwandiko wako unaujua.

Anza na ukuta wa upande wa kisima. Ule wa barazani uache kwanza. Mjomba ndiye aliyenunua ile mifuko ya saruji na mpaka leo anajisifia, nitampigia mwenyewe.

Ndugu yako,
Seif