Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeiogopa Vim

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa seva za ofisini kwenu, ila nasikia pia kwamba kila unapotaka kurekebisha mstari mmoja wa mipangilio unaipakua faili kwenye kompyuta yako, unaihariri huko, kisha unaipakia upya. Huo ni mzunguko usio na sababu, na wakati mwingine faili hurudi ikiwa na mmiliki au ruhusa tofauti, hata huduma ikagoma kuwaka.

Ihariri palepale ilipo, kwa Vim, programu ya kuhariri maandishi. Ukishaingia kwenye seva, kwenye dirisha la amri, andika vim, kisha jina la faili. Kama haipo, itaundwa utakapohifadhi. Kinachowababaisha wengi ni kwamba Vim hufunguka ikiwa katika hali ya amri, kwa hiyo herufi unazobonyeza hazijiandiki bali hutenda kazi: dd hufuta mstari mzima, u hutengua ulichofanya, na /port ikifuatwa na Enter hukupeleka neno hilo lilipo. Ukitaka kuandika, bonyeza i. Ukimaliza, bonyeza Esc, kisha andika :wq na ubonyeze Enter ili uhifadhi na kutoka. Ukiona umevuruga mambo, :q! na Enter itakutoa bila kuhifadhi chochote.

Kusogeza kishale kwa h, j, k na l kuna historia yake. Bill Joy alipoiandika vi, programu iliyoitangulia Vim, huko Berkeley, Marekani, mwaka 1976, alitumia mashine ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizohizo.

Sikukatazi kutumia nano, programu nyingine ya kuhariri yenye amri zake chini ya skrini, lakini si kila seva utaikuta, ilhali vi haikosekani kwa urahisi kwenye mifumo endeshi ya jamii ya Unix, kama Linux. Tena ukifungua Vim bila jina la faili, huenda ukaona ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda: Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki 2023, alijitolea Kibaale nchini humo, na badala ya kudai malipo aliwaomba watumiaji wachangie watoto wa huko.

Jambo moja zaidi, maana najua mtandao wa kwenu. Ukikatika katikati ya kazi, ingia tena, andika vim -r na jina la faili, kagua kilichookolewa, hifadhi, kisha ufute faili iliyofichwa inayoishia na .swp, ambamo Vim huweka kazi ambayo haijahifadhiwa, la sivyo onyo kuhusu faili hiyo litakusumbua kila ukifungua.

Kaka yako