Safari ya bustani ya Entebbe: siku imebadilika

Habari za jioni wanakikundi.

Safari ya bustani ya mimea Entebbe ipo palepale, ila tunaondoka Alhamisi tarehe 20, si Ijumaa. Tukutane stendi ya Nyegezi saa 11 alfajiri. Tunapita daraja la Kigongo–Busisi (habari za kusubiri kivuko zimekwisha), Geita, Bukoba hadi Mutukula.

1. Mchango ni 220,000: basi kwenda na kurudi, malazi na kiingilio. Mwisho tarehe 5, kwa mhazini. Chakula kila mtu na mfuko wake.

2. Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji.

3. Kadi ya homa ya manjano. Hapa naomba tuelewane: chanjo inahesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Uliyechanjwa zamani huhitaji kurudia, cheti ni cha maisha. Itafute tu ile kadi.

Bustani hiyo ni ya tangu 1898 na iko ufukweni mwa ziwa hilihili letu. Mbega wapo juu ya miti, wale weusi wenye mkia mweupe, msiwarushie karanga. Na ninyi wapenzi wa miche, mnajijua: hakuna kukata hata kikonyo, tusije tukashikiliwa mpakani kwa sababu ya ua.

Andika NAENDA au SIENDI hapa kabla ya Jumapili saa 2 usiku, nilipie viti. Kusoma na kunyamaza nahesabu huendi.