Wakidhani Mkubwa Hawasikii

Ngamiani, Tanga
Likizo ya Juni

Shoga yangu Rehema,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, upepo wa kusi umeshika, na magauni mawili ya Nasra yamo ndani ya kifurushi hiki pamoja na barua. Lile la maua nimeliachia upindo mpana, mwakani akirefuka utalifumua.

Uliniuliza kwenye simu watoto wa huku wanafanya nini nje kutwa nzima, maana Nasra humo kwenye ghorofa yenu Dodoma akimaliza katuni anakuja kukuvuta kanga umchezeshe. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu mteja alikuwa amesimama mlangoni. Leo nakaa nikujibu.

Chumba changu cha kushonea unakijua, dirisha lake la wavu linatazama kile kiwanja chenye mwembe. Mchana nje kuna jua na ndani kuna giza, kwa hiyo mimi nawaona, wao hawanioni. Wanachokijua ni sauti ya cherehani. Ikilia, fundi yuko kazini, hana habari nao. Ikinyamaza kitambo, lazima mmoja ageuke kutazama dirishani, na hapo hapo sauti zinakuwa za adabu, kama wamekaliwa na mgeni. Nilipoligundua hilo nikawa nakanyaga cherehani tupu, bila kitambaa, ili nisikilize. Cheka tu. Mama mzima, na oda za harusi zimejaa mezani.

Nimefundisha darasa la awali kabla ya kuacha chaki nikashika mkasi, na wewe bado unafundisha, lakini haya darasani sikuyaona. Darasani mtoto akicheza anacheza jicho liko kwangu. Akimpa mwenzake kalamu ya rangi, ananitazama kama nimeona. Akisukumwa, anakuja kushtaki. Nilidhani ndivyo watoto walivyo. Kumbe ndivyo walivyo mbele ya mwalimu.

Huku nyuma, kwanza, kucheza kwenyewe ni kidogo, kubishana ndiko kwingi. Kombolela haianzi mpaka kwanza ijadiliwe. Kopo likae wapi? Nyuma ya choo cha jirani panaruhusiwa? Mtafutaji akiita jina ambalo si lako inakuwaje? Hilo la jina lina kesi kila siku, maana wavulana wawili wana mchezo wa kubadilishana fulana huko ukutani. Mmoja anachomoza bega tu, mtafutaji anaita jina la mwenye fulana, kumbe siye. Basi wote wanatoka wakishangilia, na yeye anaanza upya. Juzi mtafutaji aligoma, akasema huo ni wizi. Msichana mmoja akamuuliza, "Na wewe jana hukuvaa kofia ya dada yako?" Kesi ikafa hapo hapo.

Unamkumbuka Jean Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi tuliyemkariri chuoni kwa ajili ya mtihani? Sisi tulibeba zile hatua zake za kukua kwa akili ya mtoto tu, jambo tamu tuliliacha. Katika kitabu chake cha 1932 anaeleza jinsi alivyokaa na watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, akijifanya hajui sheria ili wamfundishe. Wadogo walimwambia sheria haziguswi, zimetoka kwa wazee, wengine wakazifikisha hadi kwa Mungu, na hao hao wakishaanza kucheza kila mmoja anafuata yake na wote wanajihesabu washindi. Wakubwa, wale wa miaka 11 au 12, walikwisha jua kwamba sheria ni mapatano, mkikubaliana mnaibadilisha. Ndiyo haya haya chini ya mwembe wangu. Wa miaka mitano anapiga kelele, "Siyo hivyo! Ikigonga mzizi inarudiwa!" utadhani imeshuka kutoka mbinguni, kisha anaisogeza gololi yake kwa kidole cha mguu. Wakubwa wanaulizana tu: leo mzizi unahesabika au hauhesabiki?

Ila Piaget huyo huyo aliona kwamba wasichana hawajishughulishi sana na sheria kama wavulana. Laiti angeiona rede. Wawili wanarusha, wa katikati anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa, na ubishi wake ni wa mahakamani. Mpira ukigusa gauni bila kugusa mwili, umekufa au hujafa? Mwenye gauni pana anaonewa, anapigwa kwa urahisi. Mwenye sketi ya kubana hawezi kuruka. Walilizungumza jambo hilo mpaka adhana ya alasiri, wakaamua kwamba gauni pana lichomekwe kwanza, na asiyetaka kulichomeka asilalamike. Mimi fundi wa magauni nisingeamua vizuri zaidi. (Mpira wenyewe ni soksi iliyojazwa vipande vya vitambaa vya sakafuni kwangu, kwa hiyo najiona nina hisa.)

Sasa kuna hili la kilio. Mtoto akianguka, kwanza anatazama huku na huku. Kama hakuna mkubwa, anajifuta mchanga na kuendelea. Nimemwona mmoja amechubuka goti, akacheza hadi mwisho bila neno. Bibi yake alipotokea kwenye kona na sahani ya chapati, akakumbuka goti lake, akaangua kilio cha msiba. Wala hakuwa anaigiza, maumivu yalikuwepo tangu mwanzo. Alikosa wa kumpelekea tu.

Ndiyo maana kusemea ni kosa kubwa kuliko kupiga. Aliyempiga mwenzake anasusiwa kidogo, kisha anarudi. Lakini anayesema "ntakusemea kwa mama" na kweli akaenda, akirudi anakuta mchezo umekwisha. Wamekaa wote, wanachora chora ardhini. Akiondoka tu, unaanza tena.

Njia hiyo hiyo waliitumia kwa kijana mmoja mkubwa kidogo, mbabe, anayetaka kila mchezo aanze yeye. Sikusikia mtu akipanga. Mmoja alisema anakwenda kunywa maji. Wa pili akaitwa na mama yake, ingawa mimi sikumsikia mama yeyote akiita. Dakika chache, mbabe yuko peke yake na kopo. Baadaye nikawasikia wenzake wakicheka upande wa pili wa nyumba. Alipowafuata, alikaa mwisho wa foleni. Lakini nisikudanganye kwamba wanajimudu kila kitu. Siku nyingine alimkaba mdogo shingo, na hapo nilitoka mbio na futi yangu mkononi. Ubishi nawaachia, shingo hapana. Bodaboda pia hapana, kwa sababu madereva wa kichochoro hiki hawajui kwamba kuna kitu kinaitwa breki.

Tofauti ya mkubwa akiingilia ubishi wao niliiona jirani alipotoka kuamua ugomvi wa gololi mbili. Akauliza nani kaanza. Rehema, hakuna swali linalochochea vita kama hilo. Gololi zikasahaulika, ikawa ni nani mwongo, nani hana adabu, na mama wa nani anajivuna. Mama wa pili naye akatoka. Kufika magharibi watoto walishapatana, walikuwa wamekalia tairi moja. Wale mama wawili mpaka leo wananuniana.

Maigizo ndiyo yananimaliza. Wamefunga kanga kwenye tawi, humo ananing'inia mtoto wa gunzi, ni siku ya kliniki. Nesi ana miaka sita: "Kadi iko wapi? Tarehe yako ilikuwa lini? Mbona kapungua?" Mama wa gunzi anajitetea kwamba alisafiri, alifiwa. Uongo ule ule tunaoutoa sisi tukiwa kwenye foleni. Kisha ikaja zamu ya duka la ushonaji. Binti amekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu unakanyaga hewa, anamwambia mteja, "Dada, umeme ulikatika. Njoo kesho kutwa, bado vifungo tu." Nilitaka kutoka nimjibu, cherehani yangu ya kukanyaga umeme wa nini? Nikakumbuka pasi, nikakaa kimya.

Na mdogo wao kabisa, wa miaka mitatu, hujificha nyuma ya baiskeli, tumbo lote nje. Mtafutaji anapita mbele yake, "Jamani huyu yuko wapi?", anaendelea na safari. Hahesabiwi, lakini hatolewi. Anayefanya hivyo ndiye yule mwizi wa fulana.

Tiara nazo zimeanza kuruka na upepo huu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku mwezi Juni 2019 wanatengeneza kwa magazeti na njiti za chelewa, ufagio wangu umebaki nusu.

Sasa Nasra. Mlete Disemba, usingoje akue. Siku ya kwanza atasimama ukutani akiwatazama, labda na ya pili. Tafadhali usiende kuwaambia "chezeni na mwenzenu". Ukisema hivyo anakuwa mgeni wa mkubwa, watamchezesha kwa adabu ukiwa unatazama, ukigeuka wanamwacha. Na wewe usikae kibarazani ukimchungulia, utamharibia. Kaa ndani kwangu, kilio cha kweli tutakisikia. Nitampa mfuko wa vitambaa aende nao, kwa sababu hakuna anayemfukuza mwenye vitambaa vya kutengenezea mpira. Mengine atapatana nao mwenyewe.

Mpakilie nguo chakavu. Hizi nilizomshonea ni za Ijumaa na za sikukuu, akizivaa kwenye kombolela nitakudai bei ya kitambaa. Viatu vya kamba hapana, ndala zinatosha, na hizo nazo atazivua.

Na wewe usisahau zipu nyeusi ulizoniahidi, ndefu za magauni, si zile fupi za mara ya mwisho.

Nisalimie baba Nasra.

Wa salaam,
shoga yako wa cherehani